Miguu Inayorukaruka Yenyewe

SWALI: Daktari, mdogo wangu alianguka kutoka kwenye mnazi miezi mitatu iliyopita. Hospitali walimruhusu, hatujarudi tena. Miguu haina nguvu wala hisia, lakini usiku inarukaruka yenyewe. Mkandaji anasema mishipa imeanza kufunguka, tuzidishe maji ya moto na kumnyoosha mgongo. Tuendelee? – Msomaji, Tanga

JIBU: Acheni leo hii. Ngozi isiyohisi haimwambii mtu kwamba anaungua. Nimewapokea wengi wenye malengelenge yaliyogeuka vidonda vya miezi, na waliowakanda wakiapa kuwa maji yalikuwa vuguvugu tu. Kuunyoosha kwa nguvu mgongo uliovunjika nako huweza kuziharibu neva zilizosalimika.

Hiyo "mishipa kufunguka" nimeichoka. Wengine husema jini, na hapo mbuzi huchinjwa. Neva za uti wa mgongo zina uwezo wa kuisukuma miguu bila amri ya ubongo. Thomas Graham Brown alilionyesha hilo kwa paka mwaka 1911, na wewe umemwona kuku aliyechinjwa akitimua mbio. Uti ukiumia vibaya, miguu hulegea kwa majuma kadhaa, kisha neva zilizo chini ya jeraha huanza kujifanyia kazi bila msimamizi. Kurukaruka huko si dalili ya kupona. Akiweza kukichezesha kidole cha mguu kwa kukusudia, hata kidogo, hiyo ni habari nyingine; mwambieni daktari.

Mwaka 2022 watafiti wa Lausanne, Uswisi, wakiongozwa na Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch, walitambua katika panya kundi la neva za kiunoni ambalo likizimwa, mnyama aliyepooza hawezi kurudia kutembea. Katika utafiti huo huo, watu 9 waliopooza walipiga hatua tena kwa msaada wa umeme kwenye uti na mazoezi ya miezi. Elektrodi zinazotoa umeme huo hupandikizwa kwa upasuaji, kwa hiyo anayekuuzia mkanda wa umeme kwa jina la utafiti huo ni tapeli.

Kinachonikera zaidi ni miezi mitatu bila kliniki. Kurukaruka kukizidi ghafla, mara nyingi kuna maambukizi ya mkojo au kidonda cha kulalia. Mgeuzeni kitandani kila baada ya saa 2, mkague makalio na visigino. Dawa za kupunguza kurukaruka huko zipo, na mazoezi ya viungo yapo. Mpelekeni hospitali ya mkoa kesho asubuhi. Akiwa na homa, au mkojo umeziba, msingoje kesho.