MISULI ILIYOKAKAMAA: NAMNA YA KUMHUDUMIA MGONJWA NYUMBANI



Huenda nyumbani kwako yumo mtu ambaye miguu yake imekaza kama mti, au vidole vya mkono vimejikunja ngumi. Hali hii huwapata waliougua kiharusi, walioumia uti wa mgongo kwa risasi au kwa kuanguka, watoto wenye mtindio wa ubongo, wagonjwa wa konzo, na wenye maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kwetu ni nadra. Magonjwa ni mbalimbali, lakini sababu ya kukaza ni moja: ubongo au uti wa mgongo umedhurika, na amri ya kulegeza misuli haifiki sawasawa. Si uchawi, wala mgonjwa hafanyi makusudi.

Misuli ikiachwa imejikunja kwa miezi, hufupika. Hapo kiungo hakinyooki tena hata kwa dawa. Kwa hiyo mazoezi ni ya kila siku.

Anza na kifundo cha mguu, maana unyayo usiofika chini humzuia mtu kusimama. Mlaze mgonjwa chali juu ya mkeka. Shika kisigino kwa kiganja, unyayo uegemee mkono wako. Goti likiwa limenyooka, vuta kisigino kuelekea kwako huku ukisukuma unyayo kuelekea kichwani kwake. Panapoanza kukaza, tulia hapo hapo. Hesabu polepole hadi 30, kisha legeza. Rudia mara 5, asubuhi na jioni. Usivute kwa ghafla! Ukivuta haraka, msuli nao hujibu kwa kukaza zaidi. Mguu ukianza kutetemeka, usishindane nao. Kunja goti, ngoja utulie, ndipo uendelee.

Wengi hupenda kumkanda mgonjwa kwa nguvu na maji ya moto. Kukanda kwa nguvu huweza kuongeza kukaza, na asiyesikia maumivu miguuni huungua bila kujua.

Miguu ikipishana kama mkasi, weka nguo iliyokunjwa katikati ya magoti anapolala. Mama anayembeba mtoto wa namna hii mgongoni kwa kitenge, miguu imepanuka kiunoni pake, tayari anamsaidia bila hata kufundishwa.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Mgonjwa aliyekuwa na nafuu akianza ghafla kukaza kupita kawaida, tafuta chanzo kwanza. Je, kibofu kimejaa? Hajapata choo siku kadhaa? Ana homa, mkojo unamchoma? Mgeuze utazame matako, kiuno na visigino: kidonda cha kulalia, hata kidogo, huweza kukaza mwili mzima. Hata mkanda uliobana au kucha iliyoingia nyamani hutosha. Mpeleke zahanati chanzo kitibiwe.

Dawa zipo, kama baklofeni. Daktari huanza na kipimo kidogo, akaongeza taratibu. Husinziza, na ikizidi miguu hulegea mno. Wako wagonjwa wanaosimama kwa msaada wa ule ukakamavu wenyewe. Usimgawie jirani vidonge hivi. Tena usiviache kwa ghafla, maana huweza kuleta degedege na kuona vitu visivyokuwapo. Vikibaki vya siku chache, nenda zahanati kabla havijaisha.