Kutu Katika Bodi ya Pikapu ya Zamani

Mtu anunuapo pikapu ya zamani aghalabu huitazama rangi kwanza, na muuzaji alijua hayo tangu jana. Gari lililopakwa rangi mpya hung'aa kama sahani, lakini masika ya kwanza yakipita rangi huvimba mfano wa malengelenge, na kidole kikibonyeza, chuma chatoboka. Kosa si la rangi. Kutu ilifunikwa, haikuondolewa.

Kutu hutokea chuma kikutanapo na maji na hewa. Chumvi huharakisha jambo hilo, na ndiyo sababu gari la Mombasa au Malindi huliwa upesi kuliko gari la Nakuru. Na pikapu ichukuayo samaki huliwa upesi zaidi. Kutu nyingi huanzia ndani, mahali matope na maji yakaapo: chini ya milango, nyuma ya madigadi, na katika pembe za sakafu. Doa dogo lionekanalo nje ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko ndani.

Atakaye kutengeneza na afuate taratibu hii:

1. Agongegonge bodi kwa kipini cha bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyofifia. Kisha asugue rangi kuzunguka kidonda mpaka chuma king'ae.

2. Akate sehemu yote iliyooza hadi afike kwenye chuma kizima. Hapa asiwe na huruma, kwani kutu iachwayo kidogo hurudi.

3. Akate kiraka cha bamba la chuma lenye unene wa karibu milimita 1. Bati la kuezekea nyumba halifai: ni jembamba mno, na zinki iliyolifunika ikichomwa hutoa moshi uletao homa.

4. Kabla ya kuchomelea, waya za betri ziondolewe, viti vitolewe, na tangi la petroli likiwa karibu lishushwe. Ndoo ya mchanga iwe tayari. Kiraka kichomelewe nukta kwa nukta, upande huu kisha upande wa pili, na kuachwa kipoe. Kichomelewapo kwa mfululizo, bamba hupinda.

5. Mshono usagwe, upakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo puti ifuate, isizidi milimita 3. Puti ni ya kusawazisha. Si ya kuziba tundu. Mwisho ni msasa na rangi.

6. Upande wa ndani nao upakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha mafuta mazito au nta. Matundu madogo chini ya milango yazibuliwe, maji yapate kutoka. Wengi husahau jambo hili, na baada ya muda kazi huanza upya.

Lakini yako mahali ambapo kiraka cha nyumbani hakitoshi. Kutu ikiwa imekula fremu, au mahali springi au mikanda ya usalama inaposhikwa, hapana budi gari lisimame mpaka fundi stadi alikague. Mlango uliooza humwaibisha mwenyewe. Fremu iliyooza yaweza kukatika njiani, gari likiwa na mzigo na watu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa pikapu yafaa kuongeza: ufa usizibwe kwa rangi.