SOMO LA BIOLOJIA: SAMAKI ANAYELALA NDANI YA MCHANGA



Wengi wenu munapita kwenye laboratwari kutazama akwariyomu, na munauliza: yule mkunga alienda wapi? Hakufa. Iko pale pale. Muangalie karibu na jiwe kubwa, mutaona ncha ya pua inatoka kwenye mchanga.

Huyu ni wa jamii Mastacembelus. Alifika hapa Manika ndani ya bido ya plastiki, kutoka ziwa Tanganyika, upande wa Moba. Ziwa lile liko na aina zaidi ya kumi za jamii hii; moja yao, Mastacembelus moorii, iliandikwa na Boulenger mwaka 1898. Mwili ni mrefu kama nyoka, mgongoni kuna safu ya miiba mifupi, pua imechongoka na ni laini. Usiku anatafuta funza wa wadudu na minyoo. Mchana anajizika. Magamba yake ni madogo sana, basi ngozi haina kinga kubwa.

Hapo kosa lilikuwa, na kosa ni langu mimi. Nilitandika kokoto zilizovunjwa, zile za kujengea, juu zilionekana safi. Samaki alijaribu kuingia usiku kucha. Kisha mwanafunzi mmoja wa Kemia-Biolojia akaniita: «Profesere, samaki iko na kidonda!» Kweli, ubavuni ngozi ilichubuka, na kidonda kilianza kuwa cheupe kama pamba. Hata kula alikataa. Samaki wa namna hii, asipopata pa kujizika, anaishi na woga siku zote.

Basi tulitaka mchanga. Lakini mchanga gani? Chembe ziwe ndogo, chini ya milimeta 1, tena za mviringo kama zile za mtoni, kwa sababu mchanga wa jiwe lililosagwa unakata. Vijana wawili walijitolea kwenda kuchota Musonoi, ni karibu. Nikasema hapana.

Munajua mto ule. Kwa miaka mingi mabaki ya kiwanda cha kusafishia madini yalimwagwa mle, nayo yangali na shaba na kobalti ndani. Ndiyo maana tangu 2018 mabaki ya Kolwezi yanafuliwa upya kwa faida. Kwa samaki shaba ni sumu: inaharibu mashavu anayopumulia. Konokono wa maji wanakufa hata mbele yake.

Wengine wanapima mchanga na siki: ukitoa povu, kuna chokaa. Chokaa haimsumbui samaki wa Tanganyika, maji ya ziwa lile yenyewe ni magumu. Ila kwetu povu linaweza kudanganya, juu malakiti, lile jiwe la kijani, nayo ni kabonati, inatoa povu pia. Tulichukua mchanga mbali na migodi, tukauosha mpaka maji yakawa meupe, tukauacha ndani ya ndoo pamoja na konokono watano muda wa juma mbili. Wote walibaki wazima. Kipimo hiki si cha uhakika kabisa, lakini ni bora kuliko macho tu.

Tena hatukubadilisha vyote siku moja. Juu ya kokoto za zamani kunaishi bakteria wanaogeuza amonia, yaani uchafu wa samaki, kuwa kitu kisicho kikali sana. Ukitupa kokoto zote na kuosha chujio kwa robine siku ileile, amonia inapanda na samaki anakufa ndani ya maji yanayoonekana safi. Tulitoa nusu, tukangoja juma mbili, tukatoa nusu ya pili. Chujio hatukugusa. Mchanga tuliushusha na kikombe mpaka chini, ili maji yasichafuke. Mdomo wa pompe tuliuinua, kwani mchanga ukiingia unakula mashini.

Kimo ni sentimeta 6. Ukizidisha sana, chini hakuna hewa, na siku moja mutasikia harufu ya yai bovu. Mkunga mwenyewe anasaidia kugeuza mchanga akipita, lakini pembeni hafiki; kule munatumia kijiti, polepole, kila juma.

Usiku wa kwanza wa mchanga aliingia kichwa mbele, kwa nukta chache tu hakuonekana tena. Kidonda kimefunga. Anakula minyoo saa mbili usiku, taa ikizimwa. Wa internati wanaotaka kumuona waje saa ile, watatu watatu, bila kugonga kioo.