Jiliwa la Kunolea Misumeno Lisiloshika Sawasawa

Katika vijiji vingi msumeno wa mkono ndio chombo kinachopasua mbao za milango, madawati ya shule na majeneza ya wafu wetu. Msumeno ukiwa butu, kazi ya saa moja huwa kazi ya asubuhi nzima, na ubao mzuri huharibika kwa kukatwa upogo. Watu wengi wajua kwamba msumeno hunolewa kwa tupa ya pembe tatu. Lakini wachache hulitazama jiliwa linaloushika msumeno wakati wa kunolewa. Habari ya jiliwa hilo ndiyo nitakayoeleza leo.

Zamani nilipokuwa mwalimu msaidizi katika darasa la useremala, kijana mmoja aliniletea msumeno alioutia tupa. Meno ya katikati yalikuwa mafupi, na ya kando marefu. Nikamkemea mbele ya wenzake, nikamwambia ni mvivu na mkono wake hautulii. Akanyamaza. Siku ya tatu akaja seremala mmoja mzee kuazima tupa. Alimtazama yule kijana akifanya kazi, kisha akaweka kidole juu ya bapa la msumeno, karibu na meno. Akaniita, akasema, "Mwalimu, weka na wewe kidole chako hapa." Nikaweka, nikasikia bapa likitetemeka kama ngozi ya ngoma. Mkono wa kijana haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la jiliwa. Nikaona haya sana, na kesho yake nikamwambia kijana maneno hayo mbele ya wenzake wale wale.

Jiliwa la msumeno si kama jiliwa la mhunzi. Lina mataya mawili marefu na membamba, aghalabu inchi 9 hata 12. Taya moja limekazwa, la pili huenda kwa bawaba, na husukumwa kwa skrubu au kwa mkono wa chuma ulio katikati. Mengi ya zamani yalitengenezwa kwa chuma cha kusubu. Kiwanda cha Henry Disston, kilichoanzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1840, kilijulikana sana kwa misumeno, nacho kilitengeneza majiliwa ya namna hii pia. Vyombo hivyo hudumu miaka mingi, lakini kutu na kulegea huviharibu kidogo kidogo.

Taya lisiposhika mahali fulani, bapa la pale hutetemeka. Tupa hulia kwa sauti kali, huruka badala ya kukata, na meno yake yenyewe huisha upesi. Ndipo jino moja huliwa sana na jirani yake huachwa.

Kwanza, lijaribu jiliwa. Kata vipande vitano vya karatasi nyembamba, vyote vya upana mmoja. Tia msumeno katika jiliwa, na kati ya bapa na taya moja panga karatasi hizo toka mwisho hata mwisho. Funga jiliwa, kisha vuta karatasi moja moja. Isiyotoka imeshikwa; inayotoka bila taabu haikushikwa. Tia alama ya chaki juu ya taya mahali hapo. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa taya la pili.

Sasa ugeuze msumeno, mpini uelekee upande mwingine, ujaribu tena. Kama mahali palegevu pamehama pamoja na msumeno, basi bapa la msumeno ndilo lililopinda. Kama pamebaki pale pale penye chaki, ugonjwa umo katika jiliwa. Usianze kutengeneza kabla ya kujua hayo, usije ukamtibu asiye mgonjwa.

Pili, safisha. Fungua sehemu zote zinazofunguka, uzioshe kwa mafuta ya taa, ukwangue kutu, rangi ya zamani na unga wa chuma uliogandamana ndani ya bawaba. Tia mafuta kidogo katika bawaba na skrubu, lakini mataya yenyewe yafute yakauke, maana mafuta hufanya bapa liteleze. Mara nyingine kazi huishia hapa.

Tatu, tazama mahali jiliwa lilipofungwa. Meza ikiwa na mbonyeo, skrubu za miguu hulivuta jiliwa likajinyonga. Legeza skrubu hizo kidogo, ujaribu tena kwa karatasi. Ukiona linashika vizuri zaidi, tia kipande cha karatasi nene chini ya mguu ulio juu, kisha kaza polepole.

Nne, pima mataya. Tafuta ubao mgumu uliopigwa randa ukanyooka kabisa, uupake masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo sana. Ugusishe juu ya uso wa taya. Mahali palipoinuka patashika weusi. Mabonde yatabaki safi. Palipoinuka pasugue kwa tupa bapa, kwa urefu wa taya, mara chache tu, kisha pima tena. Angalia sana: usilipige taya kwa nyundo wala usijaribu kulipinda. Chuma cha kusubu hakipindi, huvunjika, na kuunga chuma hicho ni kazi ngumu.

Tano, ikiwa taya limeliwa sana hata tupa haifai, livike ubao. Chukua papi mbili za mti mgumu uliokauka, kama mninga, urefu sawa na mataya, unene wa robo inchi. Kwa jiliwa linalokazwa katikati, piga randa uso wa kila upapi hata katikati pawe na bonde dogo, lisilozidi unene wa karatasi moja au mbili. Sababu yake ni hii: ncha zitagusa bapa kwanza, na mkono ukikazwa, katikati patasukumwa mpaka pashike pia. Ukifanya kinyume, katikati patashika na ncha zitabaki wazi. Zigandishe papi kwa gundi. Kama upande mmoja ungali mlegevu, tia nyuma ya upapi karatasi moja, ujaribu. Kisha ya pili, ikiwa ya kwanza haikutosha. Anayetia karatasi nne kwa mara moja hujitafutia kazi mpya. Badala ya ubao waweza kutumia ngozi ya ng'ombe, mradi iwe na unene mmoja po pote.

Ukiisha, rudia jaribio la karatasi tano. Zote zikishikwa, tia msumeno, meno yasimame juu ya mataya kwa robo inchi au pungufu. Yakizidi hapo, hata jiliwa jema halitazuia mtetemo. Na kwa kuwa msumeno mrefu wa inchi 26 hupita urefu wa jiliwa, yakupasa kuusogeza mara mbili au tatu, usinoe kamwe meno yaliyo nje ya mataya. Sikiliza tupa: sauti yake ikiwa moja toka mwanzo hata mwisho, kazi yako ni njema.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Karatasi moja nyuma ya upapi huokoa tupa, huokoa msumeno, na huokoa mbao. Nanyi walimu wenzangu, mwanafunzi akiwaletea kazi mbaya, kabla ya kumkemea wekeni kidole juu ya bapa. Huenda mtetemo mtakaousikia hautoki mkononi mwake.