Kuhamisha Samaki wa Maji ya Chumvi Hadi Tangi Jipya

Tangi la kioo lenye samaki wa baharini ni pambo la hoteli na ni darasa zuri la sayansi shuleni. Samaki wanapokua, mwenyewe hulazimika kununua tangi kubwa zaidi. Mara nyingi hapo ndipo samaki waliodumu miaka hufa kwa siku chache, ingawa maji mapya yanaonekana safi kabisa. Somo hili linaeleza sababu na jinsi ya kuhama bila hasara.

Uhai wa tangi uko wapi?

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula na kinyesi huiongeza. Amonia ni sumu. Katika tangi la zamani wamo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Nitrati hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila mara.

Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wameshikamana na mawe, mchanga na sponji ya chujio. Anayehamisha maji yote ya zamani lakini akasugua mawe kwa maji ya bomba yenye klorini atakuwa amewaua. Tangi lisilo na bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga upya, na samaki hawawezi kusubiri muda huo.

Maji ya kujaza

Tuseme tangi la lita 200 linahamishiwa katika la lita 400. Zinahitajika lita 200 za nyongeza. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo anayechanganya maji mwenyewe atahitaji kilo 7 hivi za chumvi maalum ya akwaria. Chumvi ya kupikia haifai. Chumvi inapoganda katika mashamba kama yale ya Gongoni na Marereni, sehemu kubwa ya magnesiamu hubaki katika maji yanayomwagwa, na viumbe wa baharini huihitaji.

Anayechota baharini achote wakati maji yamejaa, mbali na mlango wa Mto Sabaki. Msimu wa mvua mto huu huteremsha tope jingi, na wakati wa kaskazi tope hilo husukumwa kuelekea Malindi. Bahari ikiwa nyekundu, asichote.

Maji yatayarishwe siku moja kabla, pampu ikiyazungusha, hadi chumvi na joto vilingane na vya tangi la zamani. Mezani pia pakaguliwe: lita 400 za maji ya bahari zina uzito unaozidi kilo 400, bila kuhesabu kioo na mawe.

Siku ya kuhama

1. Zima taa. Chota nusu ya maji ya zamani kabla ya kutibua mchanga, uyaweke katika ndoo ambazo hazijawahi kutiwa sabuni.
2. Toa mawe na uyazamishe mara moja katika ndoo za maji hayo. Sponji ya chujio nayo ikae majini, ikipulizwa hewa. Ikikosa hewa kwa saa kadhaa, bakteria hufa.
3. Nasa samaki baada ya mawe kutoka, kwani hawatakuwa na pa kujificha. Waweke katika ndoo zenye vifuniko na pampu ya hewa ya betri, umeme usije ukakatika.
4. Usihamishe mchanga wote wa zamani. Tabaka la chini hukusanya uchafu, na likinuka kama yai bovu lina gesi yenye sumu. Tia mchanga mpya uliosuuzwa, kisha vikombe viwili vya mchanga wa juu wa zamani.
5. Panga mawe, mimina maji ya zamani na mapya, kisha washa chujio lile lile la zamani.
6. Samaki waingie mwisho. Ongeza kikombe cha maji ya tangi jipya katika ndoo yao kila baada ya dakika chache, kwa muda wa nusu saa au zaidi, kabla ya kuwahamisha.

Kwa wiki ya kwanza lisha kidogo na upime amonia na nitriti kila siku. Kimojawapo kikionekana, badilisha robo ya maji. Usiongeze samaki mpya hadi vipimo vyote viwili vitulie kwenye sifuri kwa wiki kadhaa.

Mawe mapya yasitoke mwambani

Tangi kubwa huonekana tupu, na kishawishi ni kwenda kung'oa jiwe au tumbawe maji yanapokupwa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na ni marufuku kuchukua samaki, kombe au matumbawe humo. Nje ya hifadhi pia, kukusanya samaki wa mapambo kunahitaji leseni. Jiwe kavu lisilo na uhai latosha: likiwekwa kando ya mawe ya zamani, bakteria watalienea wenyewe baada ya wiki chache.

Mwenye swali kuhusu leseni aulize katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye kabla ya kununua au kukusanya samaki.