Ukiitwa Utoke Uwanjani

Andiko la wiki: Kutoka 18:13-27

Najua niliwaahidi somo la fungu la kumi. Litakuja. Wiki hii wacha tuanzie Wembley.

Tarehe 24 Februari 2019 Chelsea walikuwa wanacheza na Manchester City fainali ya Kombe la Carabao. Muda wa ziada ulikuwa unaisha, hakuna bao, penalti zinanukia. Golikipa wa Chelsea, Kepa Arrizabalaga, alikuwa ameanguka na kutibiwa uwanjani. Kocha Maurizio Sarri akafikiri haraka, akamwinua Willy Caballero kutoka benchi. Hakuwa anabahatisha. Caballero aliwahi kuidakia City yenyewe, na kwenye fainali ya kombe hilohilo mwaka 2016 aliokoa penalti tatu za Liverpool. Ubao ukainuliwa. Kepa akakataa kutoka.

Mlioitazama mnakumbuka. Kijana anapunga mkono kule golini, sitoki, niko sawa. Sarri alipandwa na hasira akaanza kuelekea vyumbani, kisha akarudi. Caballero naye akarudi kuketi. Kepa aliokoa penalti moja, lakini ile ya Sergio Agüero ilimpita chini ya mwili, na City wakashinda 4-3.

Watu wengi walisema ni kiburi. Mimi sina hakika kama ni hicho tu. Sarri mwenyewe alisema baadaye kwamba hawakuelewana: yeye alidhani kijana ameumia, na kijana alikuwa anajaribu kusema hajaumia. Tuseme mguu ulikuwa mzima kabisa. Bado swali halikuwa la mguu. Swali lilikuwa ni nani mwenye neno la mwisho, na hilo huwezi kulijadili dakika za mwisho mbele ya uwanja uliojaa.

Linganisha na Uholanzi, Kombe la Dunia 2014, robo fainali dhidi ya Costa Rica. Kabla tu ya penalti, Louis van Gaal alimtoa Jasper Cillessen akamwingiza Tim Krul, ambaye alikuwa ameandaliwa kwa kazi hiyo. Cillessen hakuwa ameambiwa. Alikasirika, akapiga chupa teke pale pembeni. Lakini alikuwa ameshatoka. Krul akaokoa mbili, Uholanzi wakaingia nusu fainali.

Sasa niwaambie kwa nini habari ya Kepa hainichekeshi. Miaka michache iliyopita nilikuwa nasimamia kambi ya vijana. Wiki ya mwisho nikashikwa na malaria. Mzee mmoja wa kanisa akanipigia simu: "Pasta, hiyo kazi ya mabasi mwachie dada wa hazina, wewe lala." Nikamwambia niko sawa. Yaani mimi niliyesomea biashara chuo kikuu, nishindwe na hesabu ya mabasi mawili? Usiku huohuo, kichwa kikigonga, nikatuma shilingi 38,000 za amana kwa M-Pesa, kwa watu ambao kamati ilikuwa tayari imewakataa. Nilisoma ujumbe vibaya. Masharti yalikuwa wazi kwamba amana hairudishwi. Pesa hizo akina mama walizipata kwa kuuza mandazi kila Jumapili baada ya ibada.

Mchungaji wetu mkuu hakunifokea mbele ya watu, na pia hakujifanya hajaona. Aliniita ofisini, akanimiminia chai, akaniambia Jumapili hiyo sitasimama madhabahuni, na sababu nitawaeleza akina mama mimi mwenyewe. Kuwaeleza ndiyo ilikuwa ngumu. Baada ya mwezi akanirudishia kazi zangu zote isipokuwa ya pesa. Hiyo ilichukua mwaka.

Baadaye ndipo niliona kwamba Sarri alifanya karibu vilevile. Klabu ilimkata Kepa mshahara wa wiki moja, ukaenda kwa mfuko wa hisani wa klabu. Siku tatu baada ya fainali, mechi ya Tottenham, aliwekwa benchi. Caballero akadaka na Chelsea wakashinda 2-0. Kisha akarudishwa golini. Mwezi wa Mei, nusu fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Eintracht Frankfurt, mambo yakafika tena kwenye penalti, na ni Kepa huyohuyo aliyeokoa mbili. Chelsea wakaenda fainali na kubeba kombe. Angezikwa Februari, Mei nani angedaka?

Turudi kwenye andiko. Musa alikuwa anafanya kazi ya Mungu, tena kutoka asubuhi mpaka jioni, na hakuna mahali tunaambiwa aliamua kesi vibaya. Aliyemwona anachoka ni baba mkwe wake, mgeni aliyekuja kutembea tu. Musa angeweza kumwambia, mzee, hawa watu huwajui. Alimsikiliza, akaweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Angalia wakati wenyewe: alikuwa bado hajaanguka.

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani, kila kiongozi wa idara aje na karatasi yenye majina mawili. La kwanza, nani atashika kazi yako Jumapili ukishindwa kusimama, na je, yeye mwenyewe anajua? La pili, nani umempa ruhusa akuambie utoke, na ukatoka bila kubishana. Tafadhali, la pili lisiwe la mume au mke wako, hao tayari wanatuambia kila siku. La kwangu nimeshaandika. Ni la yule mzee aliyenipigia simu.