Meno ya kahawia: tuache dawa ya meno?

*Daktari, tunaishi Arumeru. Mwanangu wa miaka 11 anapiga mswaki kila siku, lakini meno ya mbele yana madoa ya kahawia. Shuleni kafundishwa kuwa florini ni halojeni, ndugu wa klorini, tena kali. Dawa yetu ya meno ina floraidi. Tuiache? Mama K.*

Mama K., mwanao si mchafu, na dawa msiiache. Kweli halojeni, kundi la 17, hupungukiwa elektroni moja tu kwenye ganda la nje, na florini ndiyo yenye pupa kuliko zote. Ikishaipata hugeuka floraidi, iliyotulia. Ikiwa kidogo, huimarisha meno.

Tabu ni maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia floraidi nyingi chemchemini na visimani; Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiinywa kwa wingi meno yangali yanaumbwa ndani ya ufizi, hadi miaka 8 hivi, doa halitoki kwa mswaki.

Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi inabaki. Kwa wadogo zake, kinga maji ya mvua ya kunywa na kupikia, au tumia chujio la mkaa wa mifupa. Magadi kwenye makande nayo punguza; mengi yana floraidi.

Daktari wa meno anaweza kufunika madoa. Ila mtoto akianza kupinda miguu au kukakamaa viungo, mpeleke hospitali mapema.